Kamba Haisukumi: Jinsi Maada Mseto za Nyuzi Zinavyoshindwa Kuhimili Mgandamizo

Kamba ya katani yenye unene wa kidole gumba yaweza kulivuta gari lililokwama matopeni, lakini hakuna mtu awezaye kuitumia kamba hiyo hiyo kulisukuma. Mara inaposukumwa hulegea, hujikunja na kuanguka chini. Jambo hili ni dhahiri hata kwa mtoto mdogo, na labda kwa sababu ya udhahiri wake ni wachache walitafakario. Hata hivyo ndani yake mna mojawapo ya matatizo mazito ya uhandisi wa zama hizi. Mabawa ya ndege kubwa, mapanga ya mitambo ya upepo, mashua za mashindano na vyombo vingine vingi siku hizi huundwa kwa nyuzi nyembamba mno zilizoshikanishwa kwa gundi. Nyuzi hizo husifiwa kwa uwezo wake wa kuvutwa. Lakini bawa la ndege halivutwi tu. Upande wake mmoja huvutwa na upande mwingine husukumwa. Ni lazima basi kuuliza: ni kitu gani kinachoizuia kamba hii ya kisasa isijikunje inaposukumwa, na kizuizi hicho hushindwa lini?

MAADA MSETO NI KITU GANI?

Maada mseto ni muungano wa maada mbili au zaidi ambazo kila moja hubaki na tabia yake, ila kwa pamoja hufanya kazi ambayo hakuna hata moja kati yake ingeiweza peke yake. Wazo lenyewe ni la kale. Waliochanganya majani makavu na udongo wa kufyatulia matofali walikuwa wakitengeneza maada mseto. Mti nao ni maada mseto ya asili: nyuzi za selulosi zimelala kufuata urefu wa shina, na kati yake mna lignini inayozishikanisha.

Maada mseto za kisasa hufuata mpango huo huo. Nyuzi zaweza kuwa za kioo, za kaboni au za aramidi. Nyuzi za kaboni zilianza kupata nguvu za kutegemewa katika miaka ya 1960, kwa juhudi za watafiti wa Japani, Marekani na Uingereza. Aramidi inayojulikana kwa jina la Kevlar ilitokana na ugunduzi wa mkemia Stephanie Kwolek wa Marekani mwaka 1965. Gundi itumikayo mara nyingi ni epoksi, ambayo humiminwa ikiwa majimaji kisha hugeuka kuwa ngumu.

Uzi mmoja wa kaboni una kipenyo cha milimita 0.005 hadi 0.007, yaani unywele wa mtu ni mnene kuliko uzi huo takriban mara kumi. Katika kipande kilichotengenezwa vizuri, nyuzi huchukua karibu asilimia 60 ya ujazo wote, na gundi huchukua sehemu iliyosalia. Nyuzi hupangwa katika matabaka membamba, na matabaka hayo hulazwa moja juu ya jingine, kila moja likielekezwa upande ambao mhandisi anatarajia mzigo utokee.

KUVUTWA HUNYOOSHA, KUSUKUMWA HUPINDA

Kabla ya kuendelea yafaa neno mkazo lielezwe. Mkazo ni kani inayobebwa na kila eneo moja la maada. Kama fimbo yenye eneo la milimita 10 za mraba inabeba kani ya newtoni 1,000, basi mkazo ndani yake ni newtoni 100 kwa kila milimita ya mraba.

Maada mseto inapovutwa kufuata mwelekeo wa nyuzi, mambo huenda vizuri. Uzi uliokuwa na kombo kidogo hunyooka. Uzi mmoja ukikatika, gundi huuhamisha mzigo wake kwa jirani zake, na kazi huendelea. Kwa hiyo kuvutwa hurekebisha makosa madogo ya utengenezaji. Inaposukumwa, hali hugeuka. Uzi uliokuwa na kombo kidogo huzidi kupinda, na kadiri unavyopinda ndivyo unavyokuwa rahisi zaidi kupindwa. Mgandamizo hulikuza kosa lile lile ambalo kuvutwa kungelifuta.

Matokeo ya tofauti hii huonekana maabarani. Tabaka la nyuzi za kaboni na epoksi, ambamo nyuzi zote zimeelekea upande mmoja, huweza kuvutwa kwa mkazo wa newtoni 1,500 hadi zaidi ya 2,500 kwa kila milimita ya mraba, kwa kutegemea aina ya nyuzi. Linapogandamizwa, aghalabu hushindwa kati ya newtoni 1,000 na 1,600. Kwa aramidi tofauti ni kubwa zaidi: uwezo wake wa kuhimili mgandamizo ni takriban sehemu moja tu ya tano ya uwezo wake wa kuvutwa. Ndiyo sababu aramidi hufaa sana kwa kamba na kwa fulana za kuzuia risasi, lakini haifai kwa nguzo.

Tena, tangu miaka ya 1970 viwanda vimefaulu kutengeneza nyuzi za kaboni zenye nguvu kubwa zaidi na zaidi za kuvutwa, lakini nguvu za mgandamizo hazikupanda kwa kadiri ile ile. Kama nyuzi ndizo zingekuwa mwamuzi wa mambo, nguvu hizo mbili zingepanda pamoja. Maadamu hazikupanda pamoja, mwamuzi lazima atafutwe mahali pengine.

SOMO LA NGUZO

Mwaka 1744 mwanahisabati Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alichapisha kanuni ya nguzo nyembamba. Alionyesha kwamba nguzo ya namna hiyo haishindwi kwa kupondeka. Kani inapofikia kiwango fulani, nguzo hupinda kwa ghafula upande, hata kama maada yake bado ingeweza kubeba mzigo mkubwa zaidi. Kiwango hicho hutegemea ugumu wa maada, unene wa nguzo na urefu wake. Urefu ukipunguzwa kuwa nusu, kani inayohitajika kuipinda huongezeka mara nne.

Mwanafunzi anaweza kuithibitisha kanuni hii kwa rula ya plastiki yenye urefu wa sentimita 30. Rula ikisimamishwa mezani na kusukumwa kwa kiganja kutoka juu, hupinda upesi. Mwenzake akiishika katikati kwa vidole viwili ili isiende upande, itahitaji kusukumwa kwa nguvu kubwa zaidi, kwa sababu sasa imekuwa kana kwamba ni nguzo mbili fupi. Tena vidole vile havihitaji nguvu nyingi. Msaada mdogo wa ubavuni hubadili kabisa uwezo wa nguzo.

Hapo ndipo kiini cha jambo lote kilipo. Uzi wa kaboni ni nguzo nyembamba kupita kiasi. Ukiwa peke yake hauwezi kusimama hata chini ya mzigo hafifu. Ndani ya maada mseto huweza kusimama kwa sababu gundi huushika pande zote, mwanzo hadi mwisho, kama vidole visivyo na idadi. Gundi, ambayo inapovutwa maada huonekana kuwa mtumishi tu, katika mgandamizo huwa ndiyo mlinzi.

HESABU YA ROSEN NA UPUNGUFU WAKE

Mwaka 1965 mhandisi wa Kimarekani B. Walter Rosen alilifanyia hesabu wazo hili. Alizichukua nyuzi kuwa nguzo zilizozama katika gundi, akauliza ni mkazo gani utakaozipinda zote kwa pamoja. Aliona kwamba nyuzi zikiwa nyingi na zenye kukaribiana, hupinda kwa mfuatano kama mawimbi yaendayo sambamba. Gundi iliyo kati ya uzi na uzi hulazimika kuteleziana, mfano wa kurasa za kitabu kinapopindwa. Kwa hiyo kinachoupinga mpindo huo ni ugumu wa gundi dhidi ya mteleziano.

Kanuni yake ni nyepesi: mkazo wa kushindwa ni sawa na ugumu wa gundi dhidi ya mteleziano ukigawanywa kwa sehemu ya ujazo inayochukuliwa na gundi. Ugumu huo kwa epoksi ni takriban newtoni 1,300 kwa kila milimita ya mraba. Gundi ikichukua sehemu 0.4 ya ujazo, jawabu ni 1,300 kugawanya kwa 0.4, yaani newtoni 3,250.

Msomaji ataona mara moja kwamba jawabu hilo ni kubwa mno. Vipande halisi hushindwa kabla ya kufikia nusu ya kiwango hicho. Hata hivyo hesabu ya Rosen haikuwa ya bure, kwani ilimwelekeza kila mtafiti kwenye gundi na mteleziano wake. Upungufu wake ulikuwa katika dhana moja: ilizichukua nyuzi kuwa zimenyooka kikamilifu.

KOMBO LA DIGRII MBILI

Mwaka 1972 Ali Argon wa chuo cha MIT nchini Marekani aliiondoa dhana hiyo. Hakuna kiwanda kiwezacho kulaza mamilioni ya nyuzi bila kombo. Nyuzi husogea gundi inapomiminwa, husukumwa tabaka linapobanwa, na huvutwa huku na huku gundi inapopoa na kusinyaa. Katika kipande kizuri mna mahali ambapo nyuzi zimekengeuka mwelekeo wake kwa digrii moja, mbili au tatu hivi.

Argon alisema hivi: uzi uliokaa kombo, unapogandamizwa, huilazimisha gundi iliyo kando yake kuteleziana. Mteleziano huo ukifikia kikomo ambapo gundi haiwezi tena kurudi katika umbo lake, ulinzi umekwisha na uzi huanguka. Kanuni yake ni kwamba mkazo wa kushindwa ni sawa na kikomo cha mteleziano cha gundi kikigawanywa kwa kombo la uzi, kombo hilo likipimwa kwa radiani.

Kikomo hicho kikichukuliwa kuwa newtoni 50 kwa kila milimita ya mraba, na kwa kuwa digrii moja ni radiani 0.0175, hesabu huwa hivi:

Kombo la digrii 1: newtoni 2,860 hivi.
Kombo la digrii 2: newtoni 1,430 hivi.
Kombo la digrii 3: newtoni 950 hivi.

Tarakimu hizi zinastahili kutazamwa kwa makini. Digrii mbili ni kombo dogo sana ambalo jicho la mtu haliwezi kulitambua kwa urahisi, lakini tayari zimelishusha jawabu hadi karibu na vipimo vya maabara. Digrii moja zaidi hupunguza theluthi nzima ya uwezo uliosalia. Zaidi ya hayo, ndani ya kanuni hiyo nguvu ya uzi wenyewe haimo kabisa. Vilivyomo ni viwili tu: gundi na unyofu.

Mwaka 1983 Bernard Budiansky wa Chuo Kikuu cha Harvard aliirekebisha kanuni hii, maana kwa kombo dogo sana ilitoa majawabu makubwa kupita kiasi. Alizingatia kwamba gundi hulegea kidogo hata kabla ya kufikia kikomo chake. Marekebisho yake yaliyashusha majawabu zaidi na kuyasogeza kwenye ukweli, lakini fundisho la msingi lilibaki lile lile.

MKANDA WA MKUNJO

Kipande kilichoshindwa kwa njia hii kikitazamwa kwa hadubini, huonyesha alama ya pekee. Nyuzi zilizokuwa zikienda moja kwa moja hufika mahali zikakata kona, zikaenda mshazari kwa umbali mfupi, kisha zikakata kona tena na kuendelea na mwelekeo wake wa awali. Ukanda huo mwembamba, ambao wahandisi huuita mkanda wa mkunjo, mara nyingi una upana wa vipenyo kumi hivi vya uzi au zaidi kidogo, nao hulikata kundi la nyuzi kwa mshazari wa digrii 20 hadi 30 hivi. Kwenye kingo zake mbili nyuzi huwa zimevunjika.

Mkanda huo huanzia mahali penye kasoro: nyuzi zilizokaa kombo, tundu la hewa lililobaki ndani ya gundi, au ukingo wa shimo la msumari. Kundi dogo la nyuzi huanza kuinama, na gundi iliyo kati yake hulegea. Kwa kulegea kwake nyuzi huinama zaidi, na kwa kuinama kwake nyuzi huilegeza gundi zaidi. Kundi hilo halibebi tena sehemu yake ya mzigo, na mzigo huo huangukia nyuzi za jirani, ambazo nazo huinama. Mkanda hukimbia kutoka ubavu mmoja hadi wa pili kwa muda mfupi mno, kwa mlio mkali, bila onyo. Chuma cha kawaida kikizidiwa hulegea na kubonyea kwanza, mtu akaona. Maada mseto hii mara nyingi hubeba mzigo wake kwa utulivu hadi nukta ya mwisho.

Si kila mshindo hufuata njia hii. Gundi ikiwa dhaifu, nyuzi zaweza kubanduka nayo na kipande kikapasuka kufuata urefu wake. Nyuzi za aramidi na baadhi ya nyuzi ngumu sana za kaboni zaweza kukunjamana ndani ya uzi wenyewe. Lakini kwa maada mseto za kaboni na epoksi zilizo nyingi viwandani, mkanda wa mkunjo ndio hukumu ya kawaida.

MATABAKA YANAPOACHANA

Mpaka hapa maelezo yamehusu tabaka moja. Chombo halisi kina matabaka mengi, na kati ya tabaka na tabaka hamna uzi wowote upitao. Mna gundi peke yake. Matabaka yakiachana, hatari mpya huzuka.

Uwezo wa bamba kupinga kupindwa hufuata unene wake mara tatu: bamba likipunguzwa unene kuwa nusu, uwezo huo hubaki sehemu moja ya nane. Kwa hiyo bamba moja likigawanyika kuwa mabamba mawili ya unene sawa, yote mawili kwa jumla hubaki na robo tu ya uwezo wa kwanza. Likivutwa, mgawanyiko huo haudhuru sana, kwa sababu nyuzi zote zingali zimefika mwisho hadi mwisho. Likisukumwa, matabaka yaliyoachana hutunisha upande mmoja kama ngozi yenye lengelenge, na ufa ulio kati yake huzidi kufunguka.

Ndege inaporuka, hewa huyainua mabawa yake, kwa hiyo ngozi ya chini ya bawa huvutwa na ngozi ya juu hugandamizwa. Katika ndege ya Boeing 787, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011, maada mseto ni karibu nusu ya uzito wa kiunzi chote, pamoja na mabawa. Ndege za namna hiyo huonekana pia katika viwanja vya Afrika Mashariki; shirika la Air Tanzania lilipokea ya kwanza mwezi Julai 2018. Fundi akiangusha spana juu ya ngozi ya namna hiyo, juu paweza kuonekana alama ndogo tu isiyotisha, na huku ndani matabaka yameachana. Uwezo wa mahali hapo kuhimili mgandamizo waweza kushuka hata kufikia nusu. Ndiyo maana wahandisi wa ndege hupiga vipande vya majaribio kwa nyundo ya kipimo kwanza, kisha huvigandamiza hadi vivunjike, nao husanifu bawa kwa kutegemea nguvu ile iliyosalia baada ya kupigwa.

Joto na unyevu navyo vina sehemu yake. Epoksi hunyonya unyevu wa hewa polepole, na ikipata joto hulainika. Nyuzi za kaboni hazijali, kwa hiyo nguvu ya kuvutwa hubadilika kidogo tu. Lakini mlinzi akilainika, nguvu ya mgandamizo hushuka. Kwa sababu hiyo vipande hupimwa vikiwa vimelowa na kupata moto, hali ambayo si ngeni katika miji ya pwani ya joto.

FUNZO LA TITAN

Tarehe 18 Juni 2023 chombo cha kuzamia kilichoitwa Titan kiliangamia katika bahari ya Atlantiki ya Kaskazini kilipokuwa kikielekea kwenye mabaki ya meli ya Titanic, yaliyo kwenye kina cha mita 3,800 hivi. Watu watano waliokuwamo walikufa papo hapo. Vyombo vingi vya kubeba watu hadi vina vya namna hiyo vina chumba cha duara cha chuma au cha titani. Chumba cha Titan kilikuwa pipa la nyuzi za kaboni lililofungwa kwa vifuniko vya titani kila upande.

Kanieneo ya maji kwenye kina cha mita 3,800 ni takriban newtoni 38 kwa kila milimita ya mraba. Kila eneo la sentimita moja ya mraba hubeba kani iliyo sawa na uzito wa karibu kilo 390. Pipa hilo lilikuwa na kipenyo cha ndani cha mita 1.42 na ukuta wenye unene wa milimita 127, kwa hiyo nusu kipenyo cha nje ilikuwa milimita 837. Mkazo wa wastani wa kuuzunguka ukuta hupatikana kwa kuzidisha kanieneo kwa nusu kipenyo hicho na kugawanya kwa unene: 38 mara 837, kugawanya kwa 127, jawabu ni newtoni 250 hivi. Nyuzi hazikuelekea zote upande huo, kwa hiyo zile zilizouzunguka ukuta zilibeba zaidi ya wastani. Hata hivyo tarakimu hiyo iko chini sana ya 1,000 au 1,600 za maabara. Kwenye karatasi, pipa lilikuwa salama.

Lakini tarakimu za maabara ni za kipande kidogo, kilichonyooka na kisicho na kasoro. Ukuta wa Titan ulijengwa kwa matabaka matano mazito, kila moja likikaushwa peke yake kabla ya jingine kuongezwa. Wachunguzi wa Marekani walipokagua mabaki yake walikuta mikunjo ya nyuzi, matundu ya hewa, na mahali ambapo matabaka hayakushikana. Tarehe 15 Julai 2022, chombo kilipokuwa kikipanda kutoka katika mzamo wake wa 80, waliokuwamo walisikia mshindo mkubwa. Vipima mkazo vilivyobandikwa ukutani vilionyesha mabadiliko baada ya siku hiyo, lakini chombo kilizamishwa tena. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani, katika taarifa yake ya mwaka 2025, iliona kwamba matabaka yaliachana tangu mzamo ule, kwamba madhara mengine yaliongezeka baadaye, na kwamba mwishowe ukuta ulipinda mahali fulani na chombo kikapondwa na maji.

Katika mkasa huo yamo mambo yote yaliyokwisha kuelezwa: nyuzi zenye kombo, gundi yenye matundu, matabaka yaliyoachana, na mpindo wa ghafula. Kwa nguvu yake ya kuvutwa, kaboni ile ilistahili sifa zake. Bahari haikuivuta.

KINGA

Wahandisi hawakuziacha maada hizi, bali wamejifunza kuziheshimu. Kinga ya kwanza ni unyofu: nyuzi hulazwa kwa mashine, hubanwa kwa kanieneo ya hewa ndani ya tanuri maalumu ili matundu yatoke, kisha kipande hukaguliwa kwa mawimbi ya sauti. Kinga ya pili ni gundi ngumu zaidi isiyopasuka upesi. Kinga ya tatu ni nyuzi nene. Uzi wa boroni una kipenyo cha zaidi ya milimita 0.1, nao hukaa umenyooka. Maada mseto ya boroni huhimili mgandamizo kuliko inavyohimili kuvutwa. Ilitumika katika mkia wa ndege ya kivita F-14, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1970, ijapokuwa bei yake ni kubwa mno.

Kuna pia kushona matabaka kwa uzi upitao juu hadi chini ili yasiachane. Dawa hiyo ina madhara yake, kwa sababu sindano inapopita huzisukuma nyuzi kando na kuzitia kombo. Kinachopatikana kwa kuzuia matabaka yasiachane hupotea kwa sehemu kutokana na kombo hilo.

Mti ulilitatua tatizo hili zamani. Mbao kavu huhimili mgandamizo kwa nusu hivi, au pungufu, ya uwezo wake wa kuvutwa. Lakini shina linapokua, mbao mpya za nje hukaa katika hali ya kuvutwa, na za ndani katika hali ya kugandamizwa. Upepo unapouinamisha mti, upande uliolaliwa lazima kwanza upoteze mvuto ule ndipo uanze kugandamizwa. Hivyo mti huepuka kwa kiasi udhaifu wa nyuzi zake.

JARIBIO KWA DARASA

Mwalimu anaweza kuyaonyesha mambo haya kwa chelewa za ufagio, gundi ya mbao, uzi na mizani ya jikoni, pamoja na mizani ya kupimia uzito wa mtu kwa mafungu yenye nguvu. Zikatwe chelewa zilizonyooka, zenye unene sawa, kila moja sentimita 12. Chelewa moja isimamishwe juu ya mizani na isukumwe kutoka juu kwa kipande cha ubao hadi ipinde, kipimo kiandikwe. Kisha zifungwe kumi kwa uzi kwenye ncha mbili tu, zipimwe. Fungu jingine la kumi lifungwe mahali sita. Fungu la tatu lipakwe gundi kati ya chelewa zote na liachwe siku mbili likauke. Fungu la nne litengenezwe kama la tatu, ila chelewa zake zipindwe kidogo katikati kabla ya kupakwa gundi. Wanafunzi wasikaribishe macho, kwani vipande vyaweza kuruka.

Fungu la kwanza litabeba takriban mara kumi ya chelewa moja, na lililopakwa gundi litabeba mara nyingi zaidi ya hapo, ingawa chelewa ni zile zile. Fungu lenye kombo litashindwa mapema. Wanafunzi na waulizwe basi: katika mafungu yote manne, ni nini kilichobadilika, na ni nini ambacho hakikubadilika? Atakayejibu vyema atakuwa ameelewa kwa nini mhandisi anayeijenga nguzo kwa nyuzi huanza kwa kuuliza habari za gundi.